Lesi ya bibi harusi iko chini ya meza, mimi nabadilisha zipu

Shikamoo mama Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 34, nina fremu yangu hapa Dodoma, nimeolewa na nina watoto wawili. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu wateja wangu wengi wanasoma ukurasa huu.

Kazi zangu ni za aina mbili. Kuna ndogondogo: zipu mpya shilingi 3,000, kukata urefu wa suruali 2,000, kubana sketi za shule, kushona palipochanika. Hizo zinakuja kila siku na kunipa kati ya 15,000 na 20,000, hela ya mboga, nauli na umeme. Halafu kuna za sherehe: magauni ya sendofu, sare za kicheni pati, nguo za mama wa bibi harusi. Hizo ndizo zilizonipa jina, na ndizo zinazolipa kodi ya fremu.

Tatizo ni kwamba kazi za sherehe nazikimbia. Nafungua saa 1 na nusu asubuhi nikiwa nimejiapiza kuwa leo nakata. Anaingia mama na suruali ya mtoto, namwambia kaa kidogo nikumalizie. Akitoka nakumbuka kuna zipu ya jana. Mwingine ametuma picha ya mshono kwa WhatsApp anauliza bei, namjibu. Ikifika saa 6 nimefanya kazi nyingi na mgongo unauma, najisemea lesi ya watu haikatwi na mikono iliyochoka, nitakata kesho. Kesho inakuwa vilevile. Mwisho wake nashona usiku wa kuamkia shughuli. Mwezi wa nne mama mmoja alifuata gauni lake asubuhi ya harusi ya binti yake, mkono mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine. Alilia palepale kwenye fremu. Alinilipa, lakini hajarudi, wala ndugu zake.

Sasa nina oda ya sendofu, zimebaki wiki sita. Gauni la lesi la bibi harusi, shilingi 180,000, na sare za vitenge za wanawake 12, kila moja 30,000. Nimechukua nusu ya pesa yote na imeshaenda kwenye kodi. Lesi iko kwenye mfuko chini ya meza. Kila nikiuona ule mfuko tumbo linanikaza.

Mume wangu anasema niachane na sherehe, nibaki na kazi ndogo zisizonikosesha usingizi. Dada yangu anasema shida yangu ni kutojua kupanga: nianze na kazi kubwa kila asubuhi, na mwenye suruali afukuzwe mpaka saa 6. Lakini wenye suruali ndio wanaonilisha, na jirani yangu naye ana cherehani. Nikiwafukuza wataenda kwake. Nimeanza kuamini kuwa mimi ni mvivu tu wa kuzaliwa. Nishike la nani?

Fundi wa Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa huo mzigo wa moyo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyoielewa una kazi mbili zinazogombea asubuhi moja. Moja inalipa leo na inaisha baada ya dakika chache. Nyingine inalipa baadaye, inataka saa nyingi, na ikiharibika inaharibikia mbele ya ukumbi mzima. Wewe unachagua ya kwanza kila siku ukijua kabisa kwamba ya pili ndiyo inayobeba fremu yako. Mumeo anakuambia utue mzigo. Dada yako anakuambia ubadilishe mpangilio. Wote wawili wanakupenda, na kila mmoja ameona upande wake.

Kabla ya hao wawili, tuanze na neno ulilojiita mwenyewe. Mtu anayefungua saa 1 na nusu na kushona mpaka mgongo uume si mvivu. Hukai bure; unafanya kazi nyingine mahali pa ile inayokutisha. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, wanasaikolojia waliochunguza tabia hii kwa miaka mingi, waliandika kwamba kuahirisha ni njia ya kukimbia hisia mbaya ya wakati huo kuliko kuwa kosa la kupanga muda. Ukishika zipu, tumbo linalegea hapohapo. Ndiyo maana kujiapiza kila asubuhi hakujakusaidia: kiapo kinaongeza uzito wa lesi wakati zipu inaupunguza.

Jingine ni haraka yenyewe. Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu huchagua kazi yenye muda mfupi na malipo madogo, wakaiacha yenye malipo makubwa, kwa sababu tu ile ndogo inaonekana haiwezi kungoja. Walipokumbushwa malipo wakati wa kuchagua, wengi zaidi walichagua ile kubwa. Hilo unaweza kulitumia leo. Mwenye suruali amesimama mbele yako na anakutazama. Bibi harusi yuko mbali na hasemi kitu. Toa mfuko chini ya meza, utundike ukutani usawa wa macho, ubandike karatasi yenye tarehe ya sendofu na maneno "baki 270,000". Kwa hesabu yako ya kila siku, hizo ni zaidi ya wiki mbili za kazi ndogo.

Sasa ushauri wa dada yako. Kuanza na kazi yenye uzito ni ushauri mzuri, lakini jinsi alivyousema una matundu mawili. La kwanza, "kazi kubwa" haishikiki. Huwezi kukaa asubuhi ukafanya "gauni la sendofu". Unaweza kukata bitana ya mbele. Nadhani ndipo unapokwama: unaupa mfuko mzima nafasi ya asubuhi moja, na mikono haijui ianzie wapi. La pili, anataka ufunge mlango mpaka saa 6, karibu nusu ya siku yako, wakati huenda saa mbili na nusu zinatosha.

Tuzihesabu. Tuchukulie barua yako imekaa njiani wiki moja, kwa hiyo zimebaki wiki tano. Ukifanya kazi siku sita kwa wiki, una asubuhi 30. Kuanzia saa 1 na nusu mpaka saa 4 ni saa mbili na nusu. Jumla saa 75. Gauni la lesi lenye bitana nalikadiria saa 22: saa 3 za kujaribu kwa marekani (kile kitambaa cha pamba cha bei ndogo), 2 za kukata, 10 za kushona, 3 za kuvalisha na kurekebisha, 4 za pindo na shanga. Sare nazipa saa 3 kila moja, jumla 36. Inakuja 58. Weka makadirio yako badala ya yangu, wewe ndiye unayeijua mikono yako. Kisha ongeza robo, maana sote tunakadiria kama vile umeme haukatiki na mtoto hapati homa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya kosa hilo mwaka 1979, na halijatuacha. Ukiongeza robo unafika kama saa 73.

Kwa hiyo inaenea, ila kwa upenyo mdogo. Ukianza wiki ijayo unabaki na saa 60 na haienei tena. Zile saa 13 zinazokosekana ndizo usiku wako wa kuamkia shughuli. Kipaji chako hakina kosa hapo: ule mkono mfupi wa mwezi wa nne ulishonwa na macho ya saa 9 usiku.

Hebu tuishike lesi yenyewe, maana naamini hofu yako ina sababu ya ufundi. Mkasi ukishapita haurudi, na kitambaa si chako. Basi usianze na lesi. Nunua mita 2 za marekani, ukate kiwiliwili na mkono mmoja tu, mwite bibi harusi avae. Makosa yote ya kifua, kiuno na tundu la mkono yatokee kwenye kitambaa cha bei ndogo. Ukimaliza kurekebisha, fumua hiyo marekani: ndiyo patani yako, kielelezo cha kukatia. Na mkono ule mmoja ndio utakaokatia mikono yote miwili, kitambaa kikiwa kimekunjwa pande mbili, ili usipime mara ya pili kwa kubahatisha.

Kisha kata bitana, ukiacha inchi 1 ya ziada kila pembeni, kwa sababu mabibi harusi hupungua au huongezeka siku za mwisho. Lesi iwe ya mwisho kukatwa. Itandaze mchana kwenye mwanga, uone ua kubwa linaangukia wapi kifuani na ule ukingo wa maua utautumia kwenye pindo au kwenye mkono. Chaki hupotea kwenye matundu ya lesi, kwa hiyo weka alama kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu ya mkono. Shikiza lesi juu ya bitana kabla ya kupeleka kwenye cherehani. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma, juu ya kitambaa cha pamba, maana lesi nyingi za sokoni zina nailoni na huyeyuka. Urefu usiukate mpaka avae viatu vya siku yenyewe.

Sare nazo zina mtego wake. Ukikata zote 12 kwa pamoja ukakosea shingo, umekosea mara 12. Shona moja mpaka iishe, mwenye nayo avae, kamati ikubali, halafu kata zilizobaki. Weka pia siku ya mwisho ya kupima, kwa sababu daima kuna wawili au watatu wanaosema "nitakuja Jumamosi" mpaka siku zinaisha. Mwambie mwenyekiti wa kamati kuwa asiyepimwa ndani ya wiki ya kwanza atashonewa baada ya wenzake, naye awapigie yeye.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Angalia: "gauni la sendofu" limegeuka kuwa "kata marekani ya mbele". Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na haina cha kuogopesha.

Mpango wa asubuhi ungeweza kuwa hivi, na wewe ubadilishe panapokubana. Jioni kabla ya kufunga, andika kwenye karatasi kitendo kimoja cha kesho, kianze na neno la kufanya: kata, shikiza, unga, valisha. Weka mezani vitu vyake vyote: kitambaa, futikamba, mkasi, uzi wa rangi, daftari la vipimo lililofunguliwa ukurasa wa mteja. Kazi ndogo zote ziingie kapuni, kapu liwe nyuma yako. Asubuhi ukifungua mlango, usiwashe data ya simu. Anayeuliza bei kwa picha anaweza kujibiwa saa 4. Kukata na kushikiza hakuhitaji umeme, kwa hiyo hata ukikatika asubuhi yako haijapotea. Pasi na ovaloki zisubiri urudi.

Wateja watakuja, hilo halina shaka. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hushikika kuliko nia tupu. Basi amua mapema, uandike: "Mteja akija kabla ya saa 4, nitamwandika jina, kazi, bei, na nitamwambia afuate saa 10 jioni leo." Leo, siyo kesho. Hapo ndipo hofu yako ya jirani inapopungua, maana mwenye suruali mara nyingi hadai imalizwe palepale, anataka uhakika wa saa. Zipo chache ambazo kweli haziwezi kungoja, kama sketi ya mtoto anayechelewa kengele, au msafiri mwenye tiketi ya basi. Ruhusu moja kama hiyo kwa asubuhi, isizidi. Ukisema "hakuna kabisa", siku ya kwanza ukivunja utaona mpango wote umekufa.

Sijui kama una msaidizi, hukumtaja. Kama kuna binti anayejifunza kwako, yeye akae mlangoni na daftari na kufumua zipu za jana. Kama huna, basi fikiria kama kukata kunaweza kufanyika nyumbani alfajiri, watoto wakiwa wamelala, juu ya meza ya kulia. Wapo mafundi wanaokata nyumbani na kushona kwenye fremu. Hatari yake ni usingizi: ukiamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku, utarudi palepale kwenye macho yaliyochoka. Wewe ndiye unayejua asubuhi ya nyumba yako ikoje. Kama kuandaa watoto kunakumaliza, huenda saa zako safi ni baada ya saa 8 mchana wateja wakipungua. Ushauri wa "asubuhi kwanza" unafaa kwa sababu siku haijaanza kukuvuta huku na kule. Ukipata saa nyingine isiyovutwa, ni sawa.

Kipo kitu kimoja ambacho hukukiuliza, nami nadhani kina nguvu kuliko ulivyodhani. Pesa ya kazi hii umeshaila nusu, na hilo si dhambi, kodi hailipwi kwa maneno. Lakini kazi ambayo pesa yake imeshaliwa huwa nzito mkononi, kwa sababu jioni hairudishi kitu, wakati zipu inarudisha 3,000 palepale. Kwa oda zijazo unaweza kugawa malipo mara tatu: theluthi siku ya kupima, theluthi siku ya kuvaa mara ya kwanza, theluthi siku ya kuchukua. Hapo kukata kunakusogeza kwenye pesa. Shida yake ni kwamba kuna wateja watakaochelewesha ile ya katikati, na kodi inayodaiwa kwa mkupuo haitakusubiri. Wengine hujaribu kwanza kwa wateja wapya tu. Kwa oda hii ya sasa, ukitaka, mwombe bibi harusi 45,000, nusu ya baki ya gauni lake, siku atakapovaa bitana. Akikataa hujapoteza kitu.

Sasa mumeo. Usimsikie kama anayekudharau; anayeona mkewe halali ana haki ya kusema. Na shauri lake lina hesabu ndani yake: kazi ndogo peke yake zinakupa kama 90,000 mpaka 120,000 kwa wiki. Kaeni mkazitoe humo kodi, umeme, uzi na chakula, muone kama zinatosha. Kama zinatosha na moyo wako unatulia, si aibu kuishi hivyo. Lakini nimeona ulivyoandika kwamba za sherehe "ndizo zilizonipa jina". Mtu aliyechoka na kazi haandiki hivyo. Jiulize unachochoka ni kushona magauni, au ni kuyashona usiku. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Na katikati ya kuacha na kuendelea kuna vijia vingine. Unaweza kupokea sherehe moja tu kwa wakati mmoja, uandike ukutani tarehe ambazo zimejaa. Unaweza kushona gauni wewe na sare ukagawana na yule jirani mwenye cherehani, ukimlipa kwa kila sare. Faida itapungua na itabidi ukague mishono yake, tena kitenge kitoke duka moja siku moja ili rangi zisipishane, lakini zile saa 36 zingeshuka hata nusu, na mshindani angekuwa mwenzio. Kwa oda ya sasa, yenye upenyo mdogo hivi, ningelifikiria hilo mapema, kabla ya wiki ya tatu, kwa sababu jirani naye ana wateja wake.

Itakuwepo asubuhi utakayoingia na kujikuta tena una zipu mkononi. Siku hiyo usihesabu kuwa umeshindwa. Maliza hiyo moja, uoshe mikono, ufanye ule mstari mmoja wa karatasi hata kwa dakika 20 tu. Lesi iliyowekewa alama za uzi, hata kama haijakatwa, imeshaanza.

Leo jioni, kabla hujafunga fremu, mpigie bibi harusi umpe siku ya kuja kuvaa marekani, na iwe ndani ya wiki hii. Ukishamtajia siku, naye ana mtu anayemngoja, kama mwenye suruali. Kisha tuandikie ulivyoamua na mumeo, hata kama mmeamua tofauti na yote niliyoyasema hapa.

Mshauri